Kabla hujanunua sarafu kumfuata malkia aliyefufuka

Mwaka jana nilitumia pesa za bitana na zipu za mteja kununua sarafu za ndani ya programu ya simu, zile za kufungulia sura za katuni. Mimi ni fundi cherehani hapa Kondele, Kisumu, na usiku ule, ndani ya hadithi, mke wa mrithi wa kiti alikuwa karibu kabisa kumfichua suria aliyemtilia sumu. Ningelalaje? Asubuhi nilikopa kwa jirani ndipo nikashuka Kibuye kutafuta zipu. Kwa hivyo haya ninayokuambia nimeyalipia.

Kama wewe ni mgeni, hizi ni katuni za Kikorea za kusoma kwenye simu, unazishusha kwa kidole gumba hata ukiwa ndani ya matatu. Nyingi zilikuwa riwaya kwanza. Hadithi huanza na kifo: mwanamke wa ikulu anasingiziwa uhaini, anakatwa kichwa, halafu anaamka kitandani mwake miaka kadhaa nyuma akiwa anakumbuka kila kitu. Nani alimsaliti, mgodi upi una almasi, njaa itaingia mwaka gani.

Ukichagua, usidanganywe na gauni. Nasema hivi nikiwa fundi. Lesi ya sura ya kwanza inavutia kweli, lakini mchoraji anadaiwa sura mpya kila wiki, na baada ya muda ile lesi inakuwa mstari mmoja tu. Makasri nayo yanafanana kwa sababu wachoraji wengi hutumia majengo yaliyotayarishwa kwenye kompyuta.

Angalia kumbukumbu za huyo mwanamke aliyefufuka zinamfikisha wapi. Mimi nilirudia kidato cha nne. Mara ya kwanza nilianguka hesabu, na niliporudi darasani nilijiona nabii, maana maswali yaliyotoka nilikuwa nayo. Nikayafanya mpaka ningeweza kuyaandika gizani. Novemba ikafika, karatasi ikawa nyingine kabisa. Kilichoniokoa ni kwamba safari hii nilijua mkono wangu hutetemeka dakika za kwanza, nikaanza na swali jepesi.

Hadithi nzuri ya namna hii inalijua jambo hilo. Malkia akimwondoa adui mmoja mapema, hakuna tena wa kumzuia adui wa pili, na ikifika katikati yale anayoyakumbuka hayatokei. Inabidi sasa awasome watu. Nikifika sura ya 15 na mambo bado yanakwenda vilevile alivyoyakumbuka, naacha, hata dyuki wa Kaskazini, yule kabaila mkubwa wa kupendwa, awe mzuri vipi. (Dyuki huyo hakosekani. Ana upanga, hacheki, atalainika. Tuendelee.)

Siasa za ikulu zisikutishe kwa majina marefu. Mimi huandika nyuma ya daftari la vipimo: huyu wa nyumba gani, kaolewa na nani, anamdai nani. Na kama umewahi kukaa kwenye chama cha akina mama, nusu ya kazi umemaliza. Mweka hazina haondolewi siku ya mkutano. Anaondolewa siku mbili kabla, kwenye chai ya nyumbani kwa mtu, chai ambayo yeye hakualikwa. Karamu za chai za hawa makabaila ni hivyo hivyo. Tazama nani ameketi karibu na mwenyeji na nani ameletewa kikombe kilichopoa.

Suria naye msikilize. Pale ambapo cheo cha mwanamke kinashikiliwa na mtoto atakayemzaa, hana usiku wa kulala vizuri. Mwandishi akimpa huyo sababu zake, mimi humwamini mwandishi huyo hata kwenye mapenzi.

Kuhusu pesa: subiri. Programu nyingi hukufungulia sura moja bure baada ya muda, mara nyingi saa 24. Kampuni ya Kakao ilianza mtindo huo kule Korea mwaka 2014, na ni mtego, kwa sababu sura hukatika kisu kikiwa shingoni. Dawa yangu ni kusoma hadithi tatu kwa zamu. Anza na zilizokwisha, maana zinazoendelea hupumzika miezi kati ya msimu na msimu. Na simu yenye pesa za mteja isiwe mkononi mwako saa sita usiku.

Sura yangu ya leo inafunguka saa tatu. Hili pindo lisipokwisha kabla ya hapo, mwenye gauni atanisamehe, suria ameomba kuonana na malkia faraghani.