Je, Borgia aliununua upapa?
Ndugu, umeuliza iwapo Rodrigo Borgia aliununua kweli upapa mwaka 1492 au alisingiziwa na maadui zake. Ile habari ya nyumbu wanne waliobebeshwa fedha hadi nyumbani kwa Kardinali Ascanio Sforza, mmoja wa makardinali waliopiga kura ya kumchagua papa, ni uvumi wa mitaa ya Roma, nami siitegemei. Lakini lililo wazi ni kwamba, mara Borgia alipochaguliwa na kuitwa Alexander VI, Sforza alipewa cheo cha makamu wa chansela, yaani msimamizi wa ofisi ya nyaraka za papa, chenye mapato makubwa, ambacho Borgia mwenyewe alikishika tangu mwaka 1457, pamoja na jumba la kifahari la Borgia. Cheo hicho alikuwa amepewa na mjomba wake, Papa Calixtus III, kwa hiyo mchezo huo wa kugawiana vyeo aliujua tangu ujanani. Mwaka 1493 alimfanya mwanawe Cesare kuwa kardinali, kijana ambaye hakuwa hata ametimiza miaka 20; naye mwaka 1498 alivua kofia nyekundu ya ukardinali, akapewa na mfalme wa Ufaransa utawala wa Valentinois, eneo la Ufaransa, kisha akaanza kuiteka miji ya Romagna, jimbo la Italia, mmoja baada ya mwingine, kwa fedha za Kanisa.