Ugiriki au Uyunani?

SWALI: Nafundisha Historia kidato cha pili. Katika insha za wanafunzi wangu kuhusu Ugiriki ya kale, mmoja ameandika "Uyunani" mwanzo hadi mwisho, na mwingine ameandika kwamba Wagiriki na Wayunani walikuwa mataifa mawili jirani. Jina sahihi ni lipi? Na tuseme "Ugiriki ya kale" au "Ugiriki wa kale"?

JIBU: Mwalimu, pole na kazi ya kusahihisha. Watu ni walewale na nchi ni ileile. Majina ndiyo mawili, na yote ni Kiswahili sahihi.

"Yunani" tumelipata kwa Waarabu. Asili yake ni Ionia, ukanda wa pwani ya magharibi ya nchi tunayoiita leo Uturuki, palipokuwa na miji ya Wagiriki kama Mileto na Efeso. Waajemi waliuteka ukanda huo katikati ya karne ya 6 KK, wakazoea kuwaita Wagiriki wote kwa jina la hao wa Ionia, na mataifa mengi ya Mashariki yakawaita vivyo hivyo. "Giriki" limetoka upande wa pili: Warumi waliwaita Graeci, jina likaenea Ulaya hadi kwa Waingereza, nasi tukalipokea shuleni. Wenyewe wanajiita Wahelene. Hilo halina ajabu. Hata sisi jina la Waswahili tulipewa na wageni kutokana na neno la Kiarabu la pwani, na wenyeji walijitambulisha kwa miji na visiwa vyao: Waamu, Wamvita, Wapemba.

Huenda mwanafunzi wako wa "Uyunani" ni msomaji mzuri wa Biblia. Union Version ya 1952 inasema "kwa Myahudi kwanza, na kwa Myunani pia" (Warumi 1:16). Habari Njema, iliyokuja baadaye, hutumia "Wagiriki". Kwa nchi ya leo, watu wake na lugha yao, andika Ugiriki, Mgiriki, Kigiriki, ndivyo magazeti na vitabu vya shule vinavyoandika. Uyunani si kosa, mradi mwandishi asichanganye majina yote mawili katika insha moja, maana hapo ndipo msomaji anapodhani ni watu wawili.

Ningependa darasa lako lijue kwamba njia hizo mbili hazikuleta jina tu. Baghdad, katika karne ya 9, Hunayn ibn Ishaq na wenzake walitafsiri vitabu vya Kigiriki kwa Kisiria na Kiarabu, hasa vya tabibu Galen. Maneno ya Kigiriki yaliyozoeleka katika Kiarabu ndiyo mengine yaliyovuka bahari hadi kwetu. "Falsafa" ni philosophia, yaani kupenda hekima. "Kanuni" ni kanon, ufito ulionyooka ambao fundi aliutumia kupimia na kunyooshea kazi yake. Kutoka ufito wa fundi likawa neno la jambo lolote la kupimia mengine. Neno hilohilo likapita pia Ulaya kwa njia ya kanisa, likatufikia kama "kanoni": sheria za kanoni, vitabu vya kanoni. Neno moja la Kigiriki, milango miwili, na Kiswahili kimeyatunza yote mawili, kila moja na kazi yake. Mimi huona hilo ni jambo zuri sana.

Ila ninalolipenda kuliko yote ni "balghamu", au belghamu kama wengine wanavyotamka. Ni phlegma ya Kigiriki. Matabibu wa Ugiriki ya kale, tangu wafuasi wa Hippokrates, walifundisha kwamba mwili una majimaji manne: damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi, na kwamba balghamu ni ya baridi na rutuba, yaani unyevu. Bibi yangu hakuwahi kusikia jina la Galen. Lakini kifua kilipombana asubuhi alisema, "Belghamu imenijaa, nitilieni kitu cha hari," akaletewa chai ya tangawizi na pilipili manga. Baridi huondolewa kwa hari: hayo ni mafundisho ya Galen, yamekaa jikoni kwetu. Hata "safura", tunayoijua kama maradhi ya kupungukiwa damu, inatokana na mzizi wa Kiarabu wa rangi ya manjano, uleule ulioipa jina nyongo ya manjano.

Sasa ya na wa. Majina ya nchi hufuata ngeli ya neno "nchi", hata yakianza na U: Ufaransa imeshinda, Uingereza ya leo. Basi ni Ugiriki ya kale. "Ugiriki wa" utaufaa pale unapotaja hali ya mtu kuwa Mgiriki: Ugiriki wake unajulikana kwa lafudhi.

Kwa hiyo aliyeandika Uyunani asikatwe alama. Yule wa mataifa mawili arudishiwe insha airekebishe, na kabla hajaanza, mwandikie ubaoni kanuni na kanoni, umuulize kama hayo nayo yana asili mbili.