Tairi za trela la boti: usidanganywe na kashata

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kuvuta boti, shikeni hili kabla ya yote, tairi ya trela haifi kwa kipara. Gari unaendesha kila siku, kashata, yani yale meno ya tairi, zinaisha unaziona, unabadilisha. Trela la boti linakaa uani miezi minne mitano juani na boti juu yake, alafu siku ya safari unachungulia unakuta kashata ziko kama zimetoka dukani jana, unaondoka zako. Mimi ndivyo nilivyoondoka Dar na boti ya faiba kupeleka Mwanza, kilometa kama 1,150, na tulipopita Manyoni saa nane mchana, jua linachoma, tairi ya kushoto ikapasuka, mpira ukachanika vipande vipande ukang'oa madigadi na waya za taa za nyuma. Nikaokota kipande pale lami, kashata nzima kabisa.

Baadae ndo nikaisoma ile tairi. Ubavuni kuna herufi DOT na mwisho wa mstari wake tarakimu nne, yangu ilikuwa 1411, yani wiki ya 14 ya mwaka 2011, na mimi nasafiri 2020. Miaka tisa! Mara nyingi zile tarakimu nne ziko upande mmoja tu wa tairi na ukute ndio upande uliofungwa ndani, kwahiyo lala chini na tochi, usione tabu. Mimi tairi ikipita miaka 5 naanza kuikagua kila safari, ikifika 6 safari ndefu haiendi hata ing'ae vipi. Na uminye ubavu kwa kidole gumba, ukiona vinyufa vinafunguka kama tope la bwawa lililokauka, hiyo achana nayo.

Sasa kwenye kuchagua, wengi wanafunga tairi za gari ndogo kwasababu ni rahisi kupata. Piga hesabu kwanza. Boti ya faiba ya kawaida tu iwe kilo 900, mashine mbili za nguvu farasi 40 kama kilo 150, petroli lita 100 ni kilo 75, trela lenyewe 400, nanga, kamba na maboya weka 100, jumla 1,625. Tairi mbili, kila moja inabeba zaidi ya kilo 800. Tairi ya gari ndogo yenye namba ya mzigo 83 uwezo wake ni kilo 487, umeshaizidishia zaidi ya mara moja na nusu kabla hujagusa shimo hata moja. Tafuta zile zenye C mwishoni, za pikapu na Hiace, mfano 195R14C au 195R15C zilizoandikwa 8PR (kipimo cha uimara wa tabaka za tairi), namba ya mzigo 106, hiyo ni kilo 950 kila moja, hapo una akiba. Ubavu wake ni mgumu, trela haliyumbi nyuma yako. Na toa maji yote ndani ya boti kabla hujaondoka, lita moja ni kilo moja, mvua ya usiku mmoja inaweza kukuongezea mzigo hujui.

Upepo wa tairi ndio unaua wengi. Fundi pancha amezoea gari ndogo, anakupigia PSI 35 (kipimo cha upepo) anaibonyeza kwa mguu anakwambia tayari bosi. Hizo 8PR kwa mzigo kamili nyingi zinataka 65, soma ubavuni. Upepo ukiwa mdogo ubavu unajikunja kila mzunguko, unachemka, mpira unaachana na nyuzi zake ndani kwa ndani wewe huoni. Nunua geji yako, pima asubuhi tairi ikiwa ya baridi, na mchana ukikuta umepanda usipunguze, ni joto tu.

Trela likikaa muda mrefu lipandishe kwenye stendi au magogo, tairi zisikae na uzito sehemu moja, na uzifunike gunia zisipigwe na jua. Ukifika ufukweni usikimbilie kuingiza trela majini, hab (kitovu cha gurudumu chenye beringi ndani) ikiwa ya moto ikikutana na maji ya baridi inavuta maji ya chumvi hadi kwenye beringi. Subiri ipoe, ukitoka suuza na maji baridi ya bomba. Njiani kila unaposimama shika hab kwa kiganja, ikikuunguza usiendelee, fungua, ukikuta grisi imekuwa nyeupe kama maziwa ujue maji yameingia.

Spea watu wanakumbuka, nati wanasahau. Pale Manyoni spea ninayo, jeki ninayo, nikasimama na miguu miwili juu ya wili spana nati haisogei, chumvi imeshaishika kutu, mpaka dereva wa lori akasimama akachomeka bomba la chuma kwenye spana ndo ikalia. Siku hizi siku moja kabla ya safari nafungua nati zote nyumbani, moja moja, napiga brashi ya waya, nafunga tena, na nikishatembea kama kilometa 50 nasimama nakaza upya. Na jeki naijaribu hapohapo uani trela likiwa na boti yake juu, maana jeki ya gari ndogo nyingi hazifiki kwenye ekseli ya trela.