Mapipa ya rangi nne, taka zilezile: namna ya kuwashirikisha wanachuo katika mazingira ya kampasi

SWALI: Shikamoo Mhandisi. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja hapa Tanzania, na hivi karibuni nimeteuliwa kuwa waziri wa mazingira katika serikali ya wanafunzi. Mwaka jana klabu yetu ya mazingira iliandikisha wanachama 214 katika wiki ya kuwapokea wanafunzi wapya, lakini muhula wa pili ulipokwisha tulikuwa tumebaki tisa. Tumepanda miti, tumefanya usafi wa Jumamosi na tumebandika mabango kila bweni. Chuo nacho kilinunua mapipa ya rangi nne, ila ukifungua lolote kati yake utakuta wali, chupa na karatasi vimechanganyika. Je, ipo njia ya kitaalamu ya kuwafanya wanafunzi washiriki kwa kweli? Na bajeti yetu ndogo, ambayo wenzangu wanataka ichapishie fulana, tuielekeze wapi?

JIBU: Marahaba. Umeuliza kwa takwimu, na hilo limenirahisishia kazi, maana wengi huniandikia kwamba wanafunzi hawana mwamko na kuishia hapo. Mimi siamini kwamba wanafunzi 205 walipoteza mwamko ndani ya miezi minane. Naamini walikuja, wakatafuta kazi ya kufanya ambayo matokeo yake yangeonekana, wakaikosa, wakaenda zao.

Anza na mapipa. Kabla hujamlaumu anayechanganya taka, zifuate taka zenyewe mpaka zinakoishia. Niliwahi kuitwa katika chuo kimoja cha mkoani kuandaa mafunzo ya kutenganisha taka kwa wanafunzi. Siku ya kwanza niliamka alfajiri, nikakaa kwenye kimbweta kilicho jirani na sehemu ya kukusanyia taka, nikasubiri lori. Lori lilipofika, vijana wawili walimimina mapipa yote manne kwenye bodi moja na kuondoka. Wanafunzi waliokuwa wakienda kuteka maji walikuwa wakiliona tukio hilo mara tatu kwa juma, na kwao bango lililosema "tenganisha taka" lilikuwa mzaha. Nilimwambia mwenyeji wangu kwamba anayehitaji mafunzo kwanza ni yule aliyeandika mkataba wa mzabuni.

Kwa hiyo hatua yako ya kwanza haiwahusu wanafunzi wenzako hata kidogo. Nenda ofisi ya miliki, inayosimamia majengo na mali za chuo, ukiwa na barua iliyopitishwa na Mshauri wa Wanafunzi, uombe kuelezwa mambo mawili: mkataba wa kuzoa taka unamtaka mzabuni azichukue zikiwa zimetenganishwa au la, na kila aina ya taka huishia wapi. Aina isiyokuwa na mahali pake pa kwenda isipewe pipa. Rangi nne ni nyingi mno kwa kampasi inayoanza. Hata sheria ya Kenya ya usimamizi endelevu wa taka, ya mwaka 2022, inazitaka taasisi zitenge taka za kawaida katika mafungu mawili tu, zinazooza na zisizooza. Ningekushauri uwe na pipa la mabaki ya chakula, pipa la mengineyo, na kando yake wavu wa chupa za plastiki, kwa sababu chupa tayari zina wanunuzi wanaozipima kwa kilo.

Hapo kwenye chupa nakuomba uwe mwangalifu. Katika vyuo vingi mama na baba wanaofanya usafi mabwenini hukusanya chupa hizo na kuziuza, na fedha hiyo, hata kama ni ndogo, imeshapangiwa matumizi nyumbani kwao. Klabu ikija na wavu wake na kuanza kuuza chupa kwa ajili ya mfuko wa klabu, itakuwa imewanyang'anya kipato watu pekee waliokuwa wakirejeleza taka kabla yenu. Kaeni nao, waulizeni wanachukua nini na wanaacha nini, na mkubaliane kwamba wavu ni wao na kazi yenu ni kuhakikisha chupa zinaingia humo zikiwa tupu na safi. Wao pia ndio watakaowaeleza ni bweni lipi linatoa taka nyingi na siku gani, taarifa ambayo ninyi mngeitafuta muhula mzima.

Sasa nije kwenye ushiriki wenyewe. Kazi ninayoiamini kuliko zote kwa kuwaingiza wanafunzi katika suala hili ni kupima taka. Nina maana ya kupima kwa mizani, si kukadiria kwa macho. Chagueni siku saba mfululizo, Jumatatu hadi Jumapili, msichague juma la kwanza la muhula wala juma la mitihani, kwa kuwa yote mawili yana taka zisizo za kawaida. Tena upimaji mmoja hautoshi. Fanyeni mmoja baada ya bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo, kuingia na mwingine bumu likiwa limekata, kwa sababu mwanafunzi mwenye fedha hula chipsi za boksi na mwanafunzi asiye nazo hupika maharage chumbani, na pipa lake linajua tofauti hiyo kabla ya mtu yeyote. Wanaochambua wavae glovu nene na viatu vilivyofunika mguu. Taka za vyooni zikiwemo pedi msizichambue, pimeni uzito wa mfuko uliofungwa na kuandika. Taka za maabara na za zahanati ya chuo msiziguse kabisa, hizo zina utaratibu wake na watu wake.

Kwenye kafeteria pimeni mabaki ya chakula katika mafungu matatu na msiyachanganye: maganda na makapi ya jikoni, chakula kilichobaki sufuriani, na chakula kilichobaki kwenye sahani. Tofauti hiyo ndiyo roho ya zoezi lote, kwa kuwa kila fungu lina chanzo chake. Maganda hayaepukiki, yanahitaji shimo la mboji, yaani mbolea ya mabaki yaliyoozeshwa. Kilichobaki sufuriani kinatokana na mpishi kupika bila kujua idadi ya walaji, na kinapungua akipewa ratiba ya mihadhara na siku ambazo wanafunzi husafiri. Kilichobaki kwenye sahani kinatokana ama na kipimo kikubwa cha upawa, ama na chakula kisicholika, na hapo hakuna bango litakalomfanya mtu amalize wali wenye mawe.

Nikupe mfano wa hesabu, namba nimezibuni ili uone njia. Tuseme kafeteria inatoa sahani 1,200 kwa siku na kila sahani inarudi na wastani wa gramu 80. Hiyo ni kilo 96 kwa siku. Kwa muhula wenye siku 90 za kula utapata kilo 8,640, yaani zaidi ya tani nane na nusu za chakula kilichonunuliwa, kikapikwa, kikalipiwa, kikapelekwa dampo. Andikeni kiasi cha jana kwa chaki kwenye mlango wa kafeteria, na mkibadilishe kila asubuhi bila maneno ya kuonya. Nimeona mwenyewe foleni ya chakula cha mchana ikibishana kuhusu namba ya aina hiyo: wengine wakisema kipimo kimekosewa, wengine wakidai kosa ni la jiko. Mabishano hayo ni ushiriki, na waliokuwa wakibishana hakuna aliyekuwa mwanachama wa klabu.

Mkishajua kilo, mboji inakuwa suala la ufundi tu. Mabaki ya chakula yana naitrojeni nyingi na maji mengi, kwa hiyo peke yake yatanuka na kuleta inzi. Yanahitaji majani makavu, yenye kaboni nyingi, ambayo kampasi zetu huyafagia na kuyachoma kila asubuhi bila sababu. Uwiano unaotafutwa ni sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu moja ya naitrojeni. Kwa vitendo, anzeni na ndoo mbili au tatu za majani makavu kwa ndoo moja ya mabaki, kisha mrekebishe kwa pua: rundo likinuka ongezeni majani, likikaa siku nyingi bila kupata joto ongezeni mabaki na maji kidogo. Rundo liwe na angalau mita moja kila upande, vinginevyo halitatunza joto. Ndani lifike nyuzi 55 za Selsiasi au zaidi kwa siku kadhaa ili mbegu za magugu na vimelea vife, na ligeuzwe ili hewa ipenye. Ukikamata konzi ya mboji na kuiminya, yachuruzike matone machache, si maji. Nyama, samaki na mafuta viachwe nje mpaka muwe wazoefu, la sivyo mtawafuga panya.

Kuna watakaokushawishi mjenge mtambo wa bayogesi, gesi ya kupikia itokanayo na mabaki yanayooza, badala ya mboji, hasa sasa ambapo nchi imejiwekea lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Wazo si baya. Ila mtambo wa bayogesi ni kama ng'ombe wa maziwa, unataka kulishwa kila siku, na chuo kikifunga kwa likizo ndefu hakuna wa kuulisha. Rundo la mboji likiachwa linapunguza kasi tu. Bayogesi, kama zilivyo paneli za umeme wa jua za kilowati 600 ambazo Chuo Kikuu cha Strathmore cha Nairobi kilizifunga mapaani mwaka 2014, ni uamuzi wa uongozi na fedha za uongozi. Kazi yenu ni kuwapa takwimu za kuuombea, si kuujenga.

Likizo ndefu inanirudisha kwenye wanachama wako tisa. Mwanafunzi anakaa chuoni miaka mitatu au minne, mwaka wa mwisho hayupo kwa mawazo, na kiongozi wa klabu huondoka na daftari pamoja na namba za simu za watu wote. Dawa yake ni kuifanya kazi iwe sehemu ya masomo. Kila mwaka chuo chako kina mamia ya wanafunzi wanaotafuta mada ya utafiti wa mwaka wa mwisho, na wengi huishia kunakili mada za waliotangulia. Mwendee mhadhiri mmoja wa takwimu, mmoja wa uhandisi, mmoja wa sosholojia na mmoja wa biashara, umpe kila mmoja swali lililo tayari. Wa takwimu achukue kilo zako na kutafuta kama menyu ya siku inabadilisha mabaki, wa sosholojia aulize kwa nini bweni moja linatenganisha na jirani yake hapana. Mwanafunzi ambaye alama zake zinategemea pipa hataliacha muhula wa pili. Takwimu zote zikae kwa mhadhiri au katika ofisi ya miliki, zisikae kwenye simu ya mwenyekiti.

Kuhusu miti nitasema machache. Wangari Maathai alikuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi alipoanzisha harakati za Mkanda wa Kijani mwaka 1977, na kina mama waliootesha miche walilipwa kiasi kidogo cha fedha kwa mche uliopona. Ninyi mmehesabu iliyopandwa. Pitieni mashimo ya mwaka jana mhesabu iliyo hai, na kabla ya kupanda mwingine mgawane hiyo kwa majina ya vyumba vya bweni.

Maji nayo yanapimika kirahisi kuliko taka, na ni kazi nzuri kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Bomba linalovuja likijaza chombo cha lita moja kwa dakika 10, linamwaga lita 144 kwa siku, na lita 4,320 kwa siku 30. Orodha ya mabomba kumi ya namna hiyo, yenye namba ya bweni, ghorofa na kiasi, hushughulikiwa upesi kuliko malalamiko ya jumla kwamba maji yanapotea, kwa kuwa fundi anajua aende wapi na mhasibu anajua inagharimu nini.

Swali lako la mwisho, la fulana. Nunueni mizani miwili ya kuning'iniza yenye uwezo wa kilo 50, glovu, turubai la kuchambulia na daftari gumu la kaunta. Kikibaki chochote, nunueni soda za wale vijana wa lori siku ya kwanza ya upimaji, kwa sababu mtawahitaji wasubiri nusu saa mpaka mmalize kuandika.