Kadi kupinda na kuota koga: shida si karatasi, ni maji (jibu refu, samahani)

Salaam. Ndugu wa Wete aloanzisha uzi kauliza mambo matatu: kadi zake anazotengeneza kwa mkono, za mtindo wa kizamani, zinapinda, zikikaa wiki mbili zinaota koga, na anunue vifaa gani kutoka nje ili zitoke kizamani kama zile anazoziona mtandaoni. Watu wamemjibu kwa kumtumia picha za mashine za kukatia. Mie ntamjibu vyengine.

Nafanya kazi hii mwaka wa saba sasa, nakaa Kikwajuni, kadi zangu ziko kwenye maduka mawili matatu ya Mji Mkongwe na msimu wa harusi napata kazi ya kadi za mialiko, si tajiri lakini kodi inalipika. Karatasi nilizoharibu zingetosha kufunika uwanja wa Mnazi Mmoja. Kwa hivo usinunue kitu, si leo.

Tuanze na kupinda. Karatasi inakunywa maji. Ukipaka gundi ya maji upande mmoja, upande ule unavimba unarefuka, mwengine umekaa palepale, halafu gundi ikikauka inanywea na kuivuta karatasi iende nayo, ndo unaikuta kadi imejikunyata kama mtu mwenye homa. Na hapa kwetu inazidi, mana karatasi hata hujaigusa ishakunywa unyevu wa hewa, masika khasa, ukifungua paketi asubuhi jioni kingo zishainuka. Mie gundi nyeupe siimimini, naweka tone naikwangua na kipande cha plastiki ngumu mpaka ubaki utando tu, na napaka kile kipande kidogo kinachobandikwa, siyo kadi yenyewe. Nikishapaka nakiacha nusu dakika kijinyooshe kwanza ndo nakibandika. Kama nimebandika kitu kikubwa mbele basi na nyuma nabandika karatasi nyembamba ya ukubwa uleule, ziwe zinavutana mbele na nyuma, hakuna anayeshinda. Halafu naweka chini ya ndoo ya maji. Ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20, hakuna kitabu ndani ya nyumba yako kinachofika hapo. Kadi katikati ya karatasi nyeupe (gazeti hapana, wino wake unahama), ubao juu, ndoo juu ya ubao, baada ya nusu saa badilisha zile karatasi nyeupe kwa kavu, rudisha ndoo, lala.

Na kuna hili ambalo miaka miwili ya mwanzo sikulijua wala sikuambiwa na mtu, kwamba karatasi ina nyuzi na nyuzi zake zimelalia upande mmoja. Chukua manila yako, ile karatasi ngumu ya kadi, ipinde kidogo kwa mikono bila kuivunja, kwanza upande wa urefu halafu upande wa upana, utahisi upande mmoja unakubali na mwengine unabisha. Mkunjo wa kadi ufuate ule unaokubali. Ukikunja kwa ubishi mkunjo unapasuka unaonyesha weupe wa ndani, na kadi haisimami, kila ukiiweka mezani inafunguka yenyewe. Kabla ya kukunja piga mstari kwa rula na kalamu ya biki iliyokwisha wino, bonyeza sawasawa, ndo ukunje. Biki iliyokufa kwangu ina thamani kuliko nzima, watoto wa jirani wananiletea za skuli kwao.

Sasa koga. Mwaka wangu wa pili nilipata kazi ya kadi 60 za harusi, mwezi wa nne, mvua inapiga haikatiki. Nikazimaliza usiku, asubuhi nazigusa naona kavu, nikazitia kwenye mifuko ya nailoni mojamoja na ribini juu, raha mwenyewe. Siku kumi baadaye mama wa bibi harusi kaja kuchukua, kafungua ya kwanza, kimya. Kafungua ya pili. Vidoadoa vyeusi kama pilipili manga iliyomwagwa, na harufu ya kabati la marehemu. Hakugomba, angegomba ingekuwa nafuu, kasema tu "mwanangu, hizi siwezi kumpa mtu". Nikarudisha pesa zote. Tangu siku hiyo siamini vidole, naamini shavu. Iguse kadi na shavu lako: ikiwa ya baridi bado ina maji, hata kama kwa mkono unaiona kavu. Ikishakuwa haina baridi tena, iache siku moja zaidi kwenye upepo, feni inatosha, jua hapana, jua linapindisha na linapausha. Nailoni ni siku ya mwisho kabisa, zikiwa zinaondoka. Nyumbani zikae kwenye bati la biskuti lenye kifuniko kinachobana, na vile vipakti vyenye punje za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, kusanya vyote, usitupe hata kimoja.

Umesema gundi unapika mwenyewe ya unga wa ngano. Mie siikatazi, ni gundi tamu kufanyia kazi, inateleza, inakupa nafasi ya kusogeza picha ikae sawa. Lakini ni chakula. Koga wanaila, mende wanaila. Mafundi wa zamani wa kujalidi vitabu kule Ulaya walikuwa wakitia mafuta ya karafuu ndani ya gundi ya unga ili isiote koga, na wewe uko Pemba, kiwanda cha makonyo, cha mafuta ya karafuu, kiko hapo Wawi, unaangaika na duka la mtandaoni! Tia matone mawili matatu kwa kikombe cha gundi, ikishapoa, usizidishe mana mafuta yanaacha doa. Haiondoi haja ya kukausha lakini inakupa muda. Mende sijui, wangu naona hawaogopi kitu.

Rangi ya uchakavu. Kila mtu atakwambia chai, na kweli chai, ila hakuna anayekwambia chai isiyo sukari. Sisi tunaokunywa chai tamu hili linatupata. Mara ya kwanza nilitumia chai iliyobaki kwenye birika, karatasi ikatoka rangi nzuri wallahi, inanata kidogo nikasema itakauka. Usiku sisimizi walipanga mstari kutoka dirishani mpaka mezani kama wanakwenda kupiga kura. Chemsha majani makavu, vijiko vinne vya chai kwa nusu lita, chuja, acha ipoe, mimina kwenye sinia, laza karatasi dakika tano, mwaga maji uiache ikauke palepale kwenye sinia. Ukiianika kwenye kamba rangi inashuka yote chini inafanya mistari. Ukitaka madoa ya umri, nyunyiza punje chache za kahawa ya Africafe karatasi ikiwa bado mbichi, kila punje inafungua ua lake. Mie siku hizi nachukua machicha ya kahawa kwa mzee anayeuza kahawa barazani kwetu, anayatupa, nampa kadi moja kila Idi. Ila karatasi ilopakwa chai au kahawa ina asidi, miaka ikienda inakuwa kavu inavunjika, kwa hivo usibandike juu yake picha ya asili ya babu yako. Bandika kopi.

Bizari ya manjano usijaribu. Rangi yake inakimbia kwenye mwanga, mwezi dirishani imeshakuwa kama maji ya mchele. Na kituko chake chengine: nilizipaka kama thelathini nikaziegemeza ukutani zikiwa mbichi, siku chache kabla ya Idi, ukuta tumetoka kuupaka chokaa. Asubuhi kila palipogusa ukuta pamekuwa pekundu, damu ya mzee. Manjano yakikutana na chokaa au sabuni ndo hufanya hivo. Nilicheka baadaye, si siku ile.

Haya, sasa lile la vifaa vya kutoka nje, na hapa ndo ntakukera. Kadi yako ya tatu kwenye zile picha ulizotupia ina karatasi ya kahawia, lesi ya kahawia, kamba ya kahawia, kingo zimechomwa na mshumaa, saa ya kubandika, ufunguo wa kubandika. Hiyo siyo zamani, hiyo ni moto wa nyumba. Zamani ya hapa tunayo, iangalie. Tafuta kadi za posta za Zanzibar za mwanzo wa miaka ya 1900, za studio za picha kama A. C. Gomes au Coutinho, kopi zake zimejaa mtandaoni. Utaona nyingi picha haikujaza kadi, pamebaki nafasi nyeupe chini au pembeni. Siyo mapambo yale. Wakati huo nyuma ya kadi ilikuwa ni ya anuani peke yake, salamu ukitaka kuandika unaandika mbele, chini ya picha. Uingereza waliruhusu kuigawa nyuma nusu anuani nusu maneno mwaka 1902, nchi nyengine zikafuata. Kwa hivo ukiacha ule weupe, na ukaandika salamu kwa mkono mwembamba wa kulala chini ya picha, mtu anaiona ya zamani kabla hujaitia hata tone la chai. Mie nilipoacha kuchoma kingo na kuanza kuacha weupe, kadi niliyokuwa nauza 3,000 nikaanza kuuza 5,000, na karatasi na gundi ninayotumia ndo imepungua.

Picha kuihamishia kwenye kadi bila kubandika karatasi nzima: fotokopi ya mashine ya unga, siyo printa ya wino wa maji, ile ikilowa inatiririka. Mwambie kijana wa stesheneri aigeuze kama kwenye kioo. Mie yule wa Darajani kila siku tunabishana.

"Dada, maandishi yatasomeka kinyume."
"Ndo ntakavyo, kaka."
"Watu watasema mie nimekosea."
"Hawatoiona hii, watayaona yaliyogeuka tena."

Paka gundi nyeupe kwenye kadi, utando sawasawa, laza kopi kifudifudi, sugua kwa kijiko kutoka katikati, acha mpaka kesho. Kesho lowesha mgongo wa kopi kwa sponji, anza kuusugua na ncha ya kidole, karatasi inatoka vipande vipande kama ngozi inayobanduka, picha inabaki. Ikikauka itarudi ukungu mweupe, usivunjike moyo, ni nyuzi zilizobaki, lowesha tena sugua tena, mara ya tatu paka gundi nyembamba juu inang'aa. Itatoka na mapengo mapengo, iache hivohivo, hayo mapengo ndo yanayotafutwa.

Mapambo ya kuinuka, zile nakshi za milango, minyororo na maua, mimi nilinunua vifaa vya ghali nikaviacha. Dawa ni koni ya hina. Tengeneza koni tupu ya nailoni, tia gundi nyeupe ilochanganywa na rangi ya maji, kata ncha kidogo sana, chora. Binti wa mama yangu mdogo anapamba maharusi piko, nilimpa kadi na koni akachora ua la mlango mzima nikiwa bado natafuta miwani. Iache kutwa nzima ikauke kabla ya kuweka ndoo juu. Nshaweka ndoo juu ya ua bichi, usiniulize.

Mawili ya mwisho. Karatasi yenye maandishi ya Kiarabu usiibandike kama hujui kuisoma, hata kama ni nzuri. Niliwahi kukata ukurasa wa gazeti uliofungiwa halua, nikaupanga chini ya picha ya jahazi, bibi mmoja dukani kauchukua kausoma, jina la Mwenyezi Mungu lipo katikati na mie nimelipitishia uzi wa usumba. Kadi hutupwa, hukanyagwa. Tumia daftari za hesabu za duka, risiti, barua za mapenzi, chochote.

Na stempu. Zilizotumika zilowekwe kwenye maji ya uvuguvugu na kipande chake cha bahasha, robo saa zinajiachia, kausha kifudifudi, kandamiza. Lakini mzee wako akikupa bahasha ina stempu za sultani zilizopigwa chapa juu yake JAMHURI 1964, tafadhali weka mkasi chini. Zanzibar ilikuwa na stempu zake tangu 1895 mpaka mwisho wa 1967, hazitengenezwi tena. Piga kopi ya rangi, kata kingo zake na mkasi wa menomeno wa fundi cherehani, bahasha mrudishie mzee.

Halafu ile kadi ilopinda zaidi nipigie picha ya mgongo wake, siyo ya mbele, nione gundi imekaa wapi.