Usimruhusu fundi akate waya wa kengele hiyo

Pole kaka. Umeuliza kama fundi akate waya wa kengele inayolia kwenye gari lako la mtumba kutoka Japani kila ukikanyaga mstari wa barabarani. Nakuomba usikubali. Kengele hiyo hutegemea kamera iliyo nyuma ya kioo cha mbele, na kwenye magari mengi kamera hiyohiyo ndiyo inayoona gari la mbele na kukushikia breki usipowahi. Ukikata ovyo, unaweza kukosa vyote viwili.

Anza na kioo chenyewe: toa stika na ufute vumbi mbele ya kamera. Kama kiliwahi kubadilishwa, kamera inatakiwa kulengwa upya kwa kompyuta. Hapo ndipo wengi tunakosea, tunabandika kioo kipya na kuondoka. Mistari iliyofutika barabarani nayo huichanganya. Kelele za mstari zikikuzidi, zizime kwa swichi yake, lakini onyo la kugonga liache.

Na picha ya kikombe ikiwaka kwenye dashibodi, gari limehisi umechoka. Mimi iliniwakia usiku nikielekea Dodoma. Nilipaki Gairo nikalala saa nzima.