Katamarani Mauritius mwezi wa saba

Dada, kwa kuwa mnaenda Julai na mama mkwe hajui kuogelea, chukueni katamarani (mashua pana yenye matumbo mawili) ya upande wa magharibi, achaneni na ile ya kisiwa cha Île aux Cerfs, kilicho mashariki. Mwezi huo upepo wa kusi unavuma, na pwani ya mashariki ndiyo inayoupokea. Mtarushiwa maji mpaka sahanini. Magharibi kumekingika. Asubuhi mnapita ghuba ya Tamarin kutafuta pomboo, kisha mnatia nanga karibu na kisiwa cha Île aux Bénitiers, mlima Le Morne ukiwa mbele ya macho.

Kuogelea si lazima, wengi hubaki chomboni. Mama akae nyuma penye kivuli. Zile nyavu za kukalia za omo, kule mbele, waachieni vijana, maana wimbi likipasuka chini yake unalowa mgongo mzima. Chakula huchomwa humohumo: samaki, kuku, pengine soseji, na saladi. Kama mnataka halali, semeni siku ya kulipia. Ramu nayo humiminwa mapema, kwa hiyo mwenye kutaka kuogelea aogelee kwanza! Dawa ya kichefuchefu imezwe kabla ya kupanda. Na bebeni kanga za kujifunika, maji ya Julai yana ubaridi.